Patrice Lumumba, karani wa posta ya Stanleyville

Kila mkaaji wa Kisangani anajua jina la Lumumba. Watoto wanalisoma ku masomo, wazee wanalitaja wakikumbuka wakati wa dipanda, na tarehe 17 Januari ya kila mwaka imewekwa juu ya kumkumbuka. Lakini wengi wetu tunaanza kumjua siku alipokuwa Waziri wa kwanza. Miaka yake ya mbele, ile aliyoipitisha hapa kwetu akiwa mtumishi wa leta, tunaisahau. Na ile miaka njo inatueleza mengi juu ya yale yaliyokuja nyuma. Kila wakati baraza linapoketi, likiwa la komini, la mji ao la jimbo, maneno yanayorudi ku meza ni yaleyale matatu: mishahara, hesabu ya watumishi, na usalama wa wakaaji. Lumumba aliyaishi yote matatu. Yalimpandisha, na mwishoni yakamwangusha.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 ku kijiji cha Onalua, upande wa Katako-Kombe, katika Sankuru. Wazazi wake walikuwa walimaji, Watetela. Alisoma kwanza kwa wamisionere Wakatoliki, kiisha kwa Wametodisti. Hakufika mbali ku masomo, kwani wakati ule Mwafrika asiyetaka kuwa padri hakuwa na njia ya kufika mbali. Mengi aliyoyajua aliyapata yeye mwenyewe, kwa kusoma vitabu usiku nyuma ya kazi na kwa masomo ya barua.

Wakati wa vita vikubwa, akiwa kijana bado, aliacha kwao akaenda kutafuta kazi Maniema, ku kampuni ya madini huko Kalima. Mwaka wa 1944 akafika Stanleyville, mji unaoitwa leo Kisangani. Hapa akapata kazi ya ukarani ku ofisi ya teritwari. Mwaka wa 1947 serkali ikamtuma Léopoldville kujifunza kazi ya posta. Alipomaliza akaingia ku posta, na polepole akapanda mpaka ofisi ya hundi za posta, mahali ambapo pesa za watu zinapita mukononi mwa karani kila siku.

Mwaka wa 1951 alimwoa Pauline Opango. Nyumba ikaanza kujaa watoto na jamaa. Kila mtumishi wa leta anajua hesabu ile: mshahara ni mmoja, na wanaoungojea ni wengi.

Tuseme kidogo ginsi kazi ya serkali ilivyokuwa imepangwa. Watumishi Wazungu walikuwa na sheria yao, watumishi Waafrika walikuwa na yao. Karani Mwafrika aliweza kumuonyesha kazi kijana Mbeleji aliyefika jana tu, na mwisho wa mwezi yule kijana akapokea mara nyingi kuliko yule aliyemfundisha, pamoja na nyumba na ruhusa ya kwenda kupumzika Ulaya. Mwafrika hata akiwa na akili namna gani, hata akifanya kazi miaka ishirini, alikuta mlango umefungwa mbele yake. Mbele ya dipanda, katika kazi za juu za serkali, zilizokuwa elfu nne na mamia kadhaa, Wakongomani walikuwa watatu tu.

Wabeleji walikuwa wameweka karte ya kuhesabu Mwafrika sawa na Mzungu mbele ya sheria. Ili kuipata, mtu alichunguzwa yeye, na mke wake, na nyumba yake. Lumumba aliiomba, wakamkatalia. Akaomba tena, na mwaka wa 1954 wakampa. Waliokuwa nayo katika Kongo nzima walikuwa wachache sana. Lakini karte haikugusa mshahara. Mtu alikuwa sawa na Mzungu ku karatasi, na mwisho wa mwezi alibaki Mwafrika.

Njo hapo Lumumba alipoanza kujulikana. Hakuanza na siasa ya uhuru. Alianza na mambo ya watumishi. Aliongoza chama cha watu wa posta, akaanzisha gazeti lao dogo, akaandika makala ku magazeti ya wakati ule. Mwaka wa 1955 akawa prezida wa tawi la hapa la APIC, chama cha watumishi Waafrika wa koloni. Waliyoyaomba yalikuwa wazi: sheria moja ya kazi kwa wote, na malipo sawa kwa mwenye kazi sawa na diploma sawa. Mwaka ule mfalme Baudouin alipofika Stanleyville, Lumumba alipata nafasi ya kuzungumza naye. Mji mzima ulisikia habari ile. Kwa wakaaji wa mitaa ya Waafrika, karani yule hakuwa tena karani tu.

Mwaka wa 1956 serkali ikampeleka Ubelgiji pamoja na Wakongomani wengine kutembelea. Aliporudi, mwezi wa Julai, akafungwa. Hatuna haja ya kuficha neno hili, hata kama tunamheshimu: ku ofisi ya hundi kulikosekana karibu franga 126.000, na yeye mwenyewe alikubali kwamba alizichukua. Alijitetea kwa kusema mshahara wake haukutosha maisha yaliyodaiwa kwa mtu wa cheo chake, maana serkali ilimtaka avae, ajenge na alishe jamaa sawa na Mzungu, lakini ikamlipa malipo mengine. Watu wa Stanleyville walichanga ili deni lirudishwe. Hata hivi alihukumiwa, akakaa gerezani zaidi ya mwaka moja.

Wengine wanasema hukumu ile ilikuwa ya siasa, kwa kuwa wakubwa walikuwa wamechoka na mdomo wake. Wengine wanasema wizi ni wizi. Sisi tunaona kwamba mambo mawili yanaweza kuwa kweli pamoja. Pesa za watu ni pesa za watu, na hakuna njaa inayozigeuza kuwa zako. Tena, serkali inayoweka mtu mwenye mshahara mdogo mbele ya sanduku kubwa, na kumdai aishi sawa na mkubwa, inamtega. Lumumba alilijua neno hili kwa mwili wake, akiwa nyuma ya nondo.

Gerezani aliandika kitabu juu ya Kongo na wakati wake ujao, juu ya maisha ya Wazungu na Waafrika pamoja, juu ya kazi na malipo. Anayekisoma leo anashangaa, kwa sababu ni kitabu cha mtu mpole, anayetumaini bado kwamba Wabeleji watasikia. Kilipigwa chapa mwaka wa 1961, mwandishi akiwa amekwisha kufa.

Mwaka wa 1957 alifunguliwa. Posta haikuweza kumrudisha. Akaenda Léopoldville, akapata kazi ya kuuza bia ya kampuni moja kubwa. Kazi ile ilimfikisha katika mitaa yote, ku kila baa, mbele ya watu wa kila kabila. Tarehe 5 Oktoba 1958, yeye na wenzake wakaanzisha MNC, chama cha Kongo nzima, kisichokuwa cha kabila moja. Desemba ya mwaka ule alikuwa Accra, ku mkutano wa watu wa Afrika. Karani aliyeomba mshahara sawa alirudi akiomba nchi.

Lakini nguvu yake ilibaki hapa. Mwezi wa Oktoba 1959 chama chake kilikutana Stanleyville. Mkutano ulipokwisha, tarehe 30, fujo ikaanguka mjini, askari wakapiga watu risasi. Waliokufa walikuwa zaidi ya 20. Siku zilizofuata Lumumba akafungwa mara ya pili, akishitakiwa kwamba ndiye aliyewachochea watu.

Mwezi wa Desemba kukawa uchaguzi wa mabaraza. Kiongozi alikuwa gerezani, na hata hivi chama chake kikapata wingi mkubwa katika Stanleyville. Tusimame kidogo hapo, kwa sababu neno hili linatugusa sisi wakaaji wa mji. Kwa mara ya kwanza watu wetu walitia ndani ya baraza wale walioonekana kuwa wao. Lakini baraza lile lilikuwa na nguvu gani? Liliweza kuzungumza bajeti ya komini, barabara, soko, usafi. Juu yake alikaa burgumestre wa kwanza wa mji, na yeye alikuwa mtumishi wa serkali ya Wabeleji. Bunduki zilizopiga watu mwezi wa Oktoba hazikuuliza baraza lolote. Mshahara wa karani, cheo cha askari, amri ya kupiga ao kutokupiga, vyote vilikatwa mbali. Watu walipata kura, lakini hawakupata mfuko wala ulinzi.

Januari 1960 Lumumba alihukumiwa. Siku zilezile, wanasiasa wa Kongo walikuwa wamekutana Brussels kuzungumza uhuru, nao wakakataa kuendelea bila yeye. Wabeleji wakamfungua, akapanda ndege na alama za pingu mikononi. Tarehe ya dipanda ikawekwa: 30 Juni. Ku uchaguzi wa Mei, zaidi ya watu 84.000 wa jimbo letu waliandika jina lake. MNC ikapata viti 33 katika 137 vya bunge. Hakuna chama kilichopata vingi kuliko hivyo. Mtu aliyefukuzwa posta miaka minne mbele akawa Waziri wa kwanza akiwa na miaka 34.

Siku ya dipanda, mbele ya mfalme, alikumbusha kazi ngumu ambayo malipo yake hayakutosha mtu kula, kuvaa, ao kulala mahali pazuri. Wengi walisikia hasira. Sisi tunaojua maisha yake ya Stanleyville tunasikia pia sauti ya karani wa hundi.

Na sasa tufike ku neno lenyewe. Serkali mpya ilikuta hesabu mbaya sana. Mfuko ulikuwa karibu mtupu. Kazi za juu zilikuwa bado mukononi mwa Wabeleji. Jeshi lilikuwa na askari karibu 25.000, na maofisa wote walikuwa Wazungu. Mkongomani alifika mpaka adjida, hapo ngazi ikakatika.

Bunge jipya likaketi. Moja ya mambo yake ya kwanza ilikuwa mshahara wa madepite wenyewe. Ulikuwa umepangwa kuwa franga 100.000 kwa mwaka. Wao wakaupandisha mpaka 500.000. Lumumba aliona ni kichaa cha kuangusha nchi, lakini kura ilikuwa imepita. Habari ile haikukaa ndani ya bunge. Ilitembea mitaani, ikafika ku kambi. Askari waliona wanasiasa wamepata motokari na nyumba za Wazungu, makarani wamekuwa wakubwa wa ofisi, na wao wamebaki na kofia ileile, mshahara uleule, Mzungu yuleyule wa kuwaamuru. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa; lakini mwenye njaa akiwa na bunduki, shibe ya wengine haidumu.

Tarehe 5 Julai, dipanda ikiwa na siku tano tu, Jenerali Janssens, mkubwa wa jeshi, aliwakusanya askari wa Léopoldville, akawaandikia ku ubao kwamba kwao uhuru haukubadilisha kitu. Siku ile ile fujo ikaanza, ikafika na kambi Hardy huko Thysville. Ndani ya siku chache ilikuwa imeenea. Maofisa walifungwa, wanawake wa Kizungu walinajisiwa, maelfu ya Wabeleji wakakimbia na kuacha ofisi, hospitali na masomo bila watu.

Lumumba alijaribu kuzima moto. Alimpandisha kila askari cheo kimoja. Akamwondoa Janssens, akafanya jeshi kuwa la Wakongomani, akamweka Victor Lundula, aliyekuwa burgumestre huko Jadotville, kuwa mkubwa wake, na Joseph Mobutu kuwa nyuma yake. Yalikuwa mambo ya haki, na kama yangefanywa mwaka moja mbele, pengine historia yetu ingekuwa nyingine. Lakini yalifanywa kwa haraka, bunduki zikiwa tayari njiani. Cheo kinachotolewa kwa hofu hakimtulizi mtu. Kinamfundisha kwamba fujo inalipa. Tarehe 10 askari wa Ubelgiji wakaingia, tarehe 11 Katanga ikajitenga na mfuko wa madini. Serkali ikabaki na watumishi wengi wa kulipa na bila mahali pa kutoa mshahara.

Tangu hapo, anayelipa askari njo mwenye nchi. Tarehe 5 Septemba Prezida Kasavubu akamwondoa Lumumba. Siku zilezile Umoja wa Mataifa ulitoa pesa za mshahara wa askari wa Léopoldville, na Mobutu njo aliyezigawa. Tarehe 14 Mobutu akachukua madaraka. Lumumba alikuwa na wingi ndani ya bunge, lakini bunge halikulipa kambi.

Alifungiwa ndani ya nyumba yake. Tarehe 27 Novemba akatoroka, akielekea wapi? Huku kwetu, Stanleyville, ambako Antoine Gizenga alikuwa ameanza kusimamisha serkali. Kila mahali alipopita watu walimsimamisha awazungumzie, naye hakujua kukataa. Mwanzo wa Desemba askari wakamkamata ku mto Sankuru. Hakufika.

Walimpeleka kambi Hardy, Thysville, kambi ileile iliyoasi mwezi wa Julai. Na tarehe 13 Januari 1961 askari wa kule wakaasi tena. Juu ya nini? Juu ya mshahara. Kasavubu na Mobutu wenyewe wakakimbilia kule kuwatuliza. Wakubwa wakaogopa kwamba askari wasioridhika wangemfungua mfungwa. Nyuma ya siku nne, tarehe 17, akatiwa ndege pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, wakapelekwa Katanga. Usiku uleule wakauawa wote watatu. Alikuwa na miaka 35.

Mji wetu ulimlilia kuliko miji yote. Lakini machozi hayakuleta usalama. Serkali ya Gizenga nayo ilisumbuka kutafuta pesa za kulipa askari. Mwaka wa 1964 Wasimba walipouchukua mji, waliwatafuta makarani, wakubwa wa ofisi, watu waliovaa vizuri na kujua kuandika. Wengi waliuawa mbele ya mnara wa Lumumba. Hapo kuna uchungu ambao mji haujamaliza kuuzungumza. Lumumba alikuwa karani. Kama angekuwa mtu asiyejulikana, amekaa ku meza yake ya posta mwaka ule, kalamu mukononi na kola nyeupe shingoni, nani angemtetea? Watu wa vijiji na vijana bila kazi walikuwa wameona dipanda ikila ku ofisi chache, na hasira yao ikawaangukia wale walioonekana kushiba, hata wale ambao mshahara wao haukutosha mwezi.

Mwezi wa Juni 2022 Ubelgiji ulirudisha jino lake, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake. Lilipitishwa Onalua, likaletwa hapa Kisangani, kiisha Katanga, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Njo ginsi alivyomaliza safari aliyoianza Novemba 1960.

Sisi tunaobaki tunaweza kumkumbuka kwa maua, na ni vizuri. Lakini wale wanaoketi ku mabaraza wanaweza kumkumbuka kwa kalamu. Mbele ya kupandisha malipo ya mwenye kiti, waulize polisi wa mtaa alilipwa lini. Mbele ya kuongeza majina ku listi ya watumishi, waulize ni franga gani itawalipa mwezi ujao na ule mwingine. Na yule wanayemweka mbele ya sanduku la pesa za watu, wamlipe malipo ya kumtosha, kiisha wamfuate kila siku kwa hesabu. Lumumba hakuwa malaika. Alikuwa mtumishi wa leta wa mji huu, aliyejua bei ya mshahara mdogo. Nchi yake ilikuja kuijua bei ileile, nyuma ya siku tano tu.